Kinanda Kilichosimama Utange

"Anwar, uko wapi?"

"Changamwe, mpenzi. Foleni ya malori haisongi, tumekwama hapa depo tangu asubuhi."

"Na huo wimbo?"

"Redio ya dereva wa mbele."

Mishi akaibana simu sikioni. Alikuwa ameketi mkekani kwa shangazi yake Likoni, katawishwa, kapakwa singo ya kung'arisha ngozi mwili mzima, harusi keshokutwa. Wimbo ule aliujua. Ulikuwa wa santuri ya marehemu babu yake. Ukafika mwisho, kisha, tak! Kimya.

Redio gani hiyo inayojipiga breki?

"Haya, kazi njema," akasema, akakata.

Kinanda cha babu cha kupigia santuri, kile cha kuzungusha kwa mkono, kilipelekwa Utange jana tu, kwenye nyumba ya maharusi. Santuri zake ni za kale, hazina alama ya kukiambia kinanda kwamba wimbo umekwisha. Pembeni mwa sahani pana kijiti cha shaba. Ukikisukuma mpaka pale wimbo unapoishia, mkono wa sindano ukikigusa, breki inabana na sahani inasimama yenyewe. Kila santuri na pake. Anwar hakuwahi kujishughulisha kujifunza. Yeye huiacha sindano iparuze mpaka Mishi apige kelele. Waliojua pa kukiweka kijiti kwa wimbo ule ni wawili tu: Mishi, na Jalila, rafiki yake tangu chuoni, ambaye Mishi mwenyewe alimfundisha kwa mkono wake.

Na Jalila aliaga asubuhi kwamba anakwenda Kongowea kununua udi.

Alasiri akaingia huyo, kicheko mbele.

"Bi harusi! Udi mzuri nimeukosa, nimezunguka mpaka miguu yaniuma. Hebu lete mgongo nikusugue."

Akachota singo bakulini, akaanza kusugua. Mikono hiyo hiyo, jamani! Ndani ya harufu ya asumini Mishi akanusa marashi ya Anwar, yale aliyomnunulia yeye mwenyewe siku ya Idi. Alitamani aivue ngozi aitupe.

Shangazi Mwanatatu, ambaye ndiye somo wake wa kumfunda, alikuwa mlangoni akichambua mawaridi. Mishi akajikaza.

"Jalila, moyo wanisononeka. Kinanda cha babu kimeharibika. Anwar asema hakisimami tena, sindano yaparuza tu."

"Hakisimami? Mwongo huyo! Mbona leo nimekiwekea kijiti, kimesimama vizuri tu?"

Mkono ukaganda mgongoni.

"Leo wapi, Jalila?" shangazi akauliza. "Si ulikuwa Kongowea?"

"Nali... nalipita Utange, shangazi. Kuangalia mapazia."

"Ukayapigia mapazia wimbo?" Mishi akasema. Akachukua simu, akampigia Anwar, akaweka spika. "Anwar, Jalila yuko hapa mbele yangu. Ashasema."

"Mishi, wallahi ni shetani. Ni leo tu, mara moja..."

"Mara moja?" Jalila akaropoka, macho yamemtoka. "Mara moja, Anwar? Tangu kabla ya mfungo!"

"Astaghfirullah!" shangazi akashika kifua.

Mishi akakata simu. Hakulia.

"Toka, Jalila. Na njiani usimguse mtu."

Jalila akaokota buibui lake, akatoka bila kuaga. Shangazi akasogea taratibu, akakaa kando ya mpwa wake.

"Mwanangu, kadi zishatembea. Mpunga ushapetwa, wageni wa Magogoni waja kesho. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Shangazi, nikitema tonge hapa, wewe utaliokota ule?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi na mimi usinilishe."

Shangazi akalitazama bakuli la singo. Alama za vidole vya Jalila zilikuwa bado zimo. Uso ukamkunjamana. Akalinyanyua kwa ncha za vidole, akaenda kulimwaga chooni, bakuli lenyewe akalitupa jaani.

Mishi akaandika ujumbe: "Kinanda cha babu kirudi Likoni leo. Kijiti usikiguse, hukukijua na hutakijua. Harusi hakuna." Akautuma, akaiacha simu mkekani, akaingia bafuni.

Simu ikaita, ikaita tena. Mwisho shangazi akaipokea.

"Shikamoo, shangazi. Naomba kusema na Mishi."

"Yuwaoga."

Anwar akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Kumbe hasira zishapoa, anajitayarisha."

"Anajitoa uchafu wako, baba," shangazi akasema. "Na sasa niache nikate simu, maji hayamtoshi, nimpelekee ndoo ya pili."