Bata wa Plastiki wa Mzee Bixler

Galen Strohecker alipunguza mwendo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwenye mashua ya jeti hapunguzi mwendo kwenye maji ya kina kifupi. Mashua ile haina pangaboi. Inafyonza maji tumboni na kuyatema nyuma, na ikikimbia inateleza juu ya mawe hata pale maji yanapoishia kwenye vifundo vya miguu. Ikipunguza, inakaa chini kama kuku anayeatamia. Kila mvuvi wa mto Juniata analijua hilo, na Galen, aliyekuwa ameendesha mashua ya aina hiyo miaka ishirini na miwili, alilijua kuliko wengi.

"Mbona unapunguza?" Ardith, dada yake, aliuliza kwa sauti kutoka mbele.

"Bata wa Bixler."

Ardith akatazama. Kweli, kwenye ncha ya kisiwa, mbele ya kibanda cha matete, bata kumi na wawili wa plastiki walikuwa wakielea, wale ambao wawindaji huwatega kuwavuta bata wa kweli. Mwaka uliopita Galen aliwapita kasi, mawimbi yakawapindua wote, na mzee Lamar Bixler akamsema siku iliyofuata kwenye kifungua kinywa cha kuwachangia zimamoto, mbele ya nusu ya mji, mpaka Galen akaacha mayai yake kwenye sahani. Hakutaka tena aibu ile.

Ilikuwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani, siku ya kwanza ya kuwinda kulungu. Wanaume wote walikuwa milimani na makoti yao ya rangi ya chungwa, akiwemo Rodney, anayevua na Galen kila wiki. Ndiyo maana Ardith, mwenye umri wa miaka hamsini na nane na asiyependa maji hata ya kwenye beseni, alikuwa amekaa mbele amevaa boya lake la kujiokolea tangu nyumbani.

"Umelivaa hata kwenye gari," Galen alikuwa amemcheka asubuhi. La kwake Galen alilivua mara tu walipofika kwenye kina chini ya daraja la reli, kwa sababu lilimbana alipokuwa akirusha ndoano. Huko samaki aina ya besi wamejikusanya kungoja baridi ya kweli. Wakati huu hawakimbizi chambo. Unakiburuta chini polepole, unasubiri, unaburuta tena. Galen alipata wanne wa nguvu, wa rangi ya shaba. Wa tano, mkubwa kuliko wote, Ardith alimkosa kwa wavu.

"Dada, ule ni wavu, si kijiko cha supu," Galen akasema.

Sasa, mbele ya bata wa Bixler, hakukuwa na utani tena. Sauti ya injini ilibadilika, ikapanda na kulia bila kusukuma chochote. Mwisho wa Novemba mto umejaa majani makavu, na mashua ikienda taratibu inayafyonza mpaka kichujio cha tumboni kinaziba. Galen akazima injini ili majani yaanguke. Hilo ndilo linalofanywa siku zote, ila linahitaji nafasi, na hapo nafasi haikuwepo. Mkondo uliwageuza ubavu na kuwabwaga juu ya mwamba unaokatiza mto.

Maji yakaanza kumwagika ndani.

"Kaa upande ule!" Galen akaruka nje, maji yakamfika kiunoni, akaweka bega kwenye ubavu wa mashua na kusukuma. Mashua ilikwaruza, ikagoma, kisha ikachomoka ghafla. Galen hakuwa na cha kuegemea tena. Kofia yake ilielea peke yake.

Ardith hakujua kuendesha injini. Hakujua kupiga kasia. Alichokiona karibu ni wavu, akaushika kwa mikono miwili, akalala kifudifudi ukingoni na kuunyoosha mpini mrefu pale maji yalipochemka. Mkono ulitokea, ukapotea, ukatokea tena na kushika chuma cha wavu. Alivuta mpaka akahisi kitu kimekatika begani. Hakumwachia.

Mkondo uliwachukua pamoja, yeye ndani na kaka yake akining'inia nje, mpaka mashua iliyojaa nusu ikakwama kwenye changarawe za mkia wa kisiwa kilekile.

"Simu," Ardith alisema.

Galen alipapasa mfuko wa koti na kutoa simu inayochuruzika maji. Ya Ardith ilikuwa kwenye gari, inachajiwa.

"Vua nguo."

"Dada, baridi hii ni nyuzi mbili."

"Vua, Galen."

Alimvua mwenyewe, maana vidole vya Galen havikuweza kifungo. Akamvisha koti lake la sufu na kumfunga skafu kichwani. Kisha akapuliza filimbi iliyofungwa kwenye boya mara tatu, akasubiri, akapuliza tena mara tatu. Hapa kwetu tatu ni kuomba msaada, kila mtu anajua.

Kutoka mlimani bunduki zikajibu: moja, mbili, tatu.

"Wametusikia," Ardith akasema, na machozi yakamtoka. Akapuliza tena. Zikajibu mbili, kutoka mlima mwingine. Kisha nne. Hapo akaelewa. Siku ya kwanza ya kulungu milima yote inalia risasi. Hata angekuwa na mzinga, nani angehesabu?

"Twende kwenye kibanda cha Bixler," alisema.

Ni hatua mia tatu kutoka mkia wa kisiwa hadi ncha, lakini hakuna njia, ni miiba na magogo yaliyoletwa na mafuriko. Ardith alibeba mfuko na chupa ya kahawa begani pazima. Mkono mwingine ulimshika Galen kiunoni. Mwanzoni meno ya Galen yaligongana hadi yeye mwenyewe akacheka. Kufika nusu ya njia yakanyamaza.

"Nimepata joto," Galen akasema. "Nikae kidogo tu."

Kila majira ya baridi zimamoto wetu wanamtoa mtu mtoni, na Ardith ndiye anayewapikia supu wakirudi. Alishawasikia mara nyingi: aliyelowa akiacha kutetemeka, ogopa. Sasa aliogopa hasa.

"Hukai. Unamkumbuka yule besi wa tano?"

"Nani?"

"Niliyemkosa. Alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Galen alijikwaa kwenye gogo. "Mdogo," alisema. "Wala hakuwa kitu."

Hilo lilimtisha Ardith kuliko yote. Mvuvi gani anampunguza samaki aliyepotea? Akamkokota.

Kibanda kilikuwa kitupu. Bixler hakuwepo, mtumbwi wake haukuwepo, bata wake walielea vilevile. Ndani kulikuwa na majani ya ngano sakafuni, blanketi, ndoo ya kukalia, jiko dogo la gesi na kiberiti. Ardith aliubana mkebe wa kiberiti kwa magoti kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa. Njiti ya kwanza ilivunjika, ya pili ikazimwa na upepo. Ya tatu ikashika, na gesi ikawaka.

Alimfunika Galen blanketi na majani, akamkumbatia kwa nyuma, akamnywesha kahawa vuguvugu kwa kifuniko. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya mlima, na ilikuwa saa tisa na nusu tu. Kila dakika aliutikisa mtungi wa gesi kusikia umebaki kiasi gani. Aliomba. Aliomba bila adabu, kama anayegombana na mtu.

Mtungi ulipokuwa mwepesi kama kopo tupu, Galen akaanza kutetemeka tena. Ardith akalia kwa sauti, kwa furaha.

Ndipo mtumbwi ukakwaruza nje. Mzee Bixler, mwenye damu ya kulungu mikononi, akainama mlangoni. Alikuwa ng'ambo kumsaidia mkwewe kuburuta dume.

"Nani yuko kwenye kibanda changu?"

"Mimi, Ardith. Na Galen. Ameanguka mtoni."

Bixler akaingia. Alivua koti lake kubwa, akalitupa juu yao, akatoa simu na kuongea na zimamoto kwa maneno machache. Kisha akakaa kwenye ndoo na kuanza kumsugua Galen miguu.

"Umeanguka wapi, mwanangu?"

"Mwambani," Galen akasema kwa shida. "Nilipunguza."

Mikono ya mzee ikasimama. "Ulipunguza? Na jeti? Pale?"

"Bata wako."

Bixler aliwatazama bata wake kupitia mlangoni. "Ile ya mwaka jana," akasema, "nilikuwa na hasira tu. Sikuwa nimepata hata bata mmoja wiki nzima." Akaanza kusugua tena. "Ni plastiki, Galen. Nina gunia zima nyumbani."

"Ungesema," Ardith akamwambia.

"Kweli, ningesema," mzee akakubali, na akaendelea kusugua hadi mashua ya zimamoto ikasikika.

Novemba iliyofuata, Galen alishuka mto akiwa amefunga boya mpaka kidevuni. Mbele alikaa dada yake, wavu magotini. Walipoukaribia mwamba, kidole cha Galen kilisita kwenye wenzo wa mafuta.

"Ongeza," Ardith akasema.

Akaongeza. Mashua ikaruka juu ya mawe, mawimbi yakaenda kisiwani na bata wote kumi na wawili wakapinduka, matumbo juu. Mzee Bixler akatoka kibandani, akavua kofia na kuinyanyua juu hadi walipopinda kona. Kisha akaingia majini na viatu vyake virefu, akaanza kuwageuza mmoja mmoja.