Picha Mbovu Niliyomsifia Mama

Nina umri wa miaka thelathini na nne, nina mke na watoto watatu, na kazi yangu ni ya ofisini hapa hapa Ibra, Uarabuni. Mtu akiniona Ijumaa nimevaa kanzu yangu na kofia, atasema bwana huyu ametulia. Hajui kwamba lipo jambo ambalo nikilikumbuka nahisi kichefuchefu, na anayenichefua ni mimi mwenyewe.

Jambo lenyewe ni picha ya sinema. Naam, picha ya sinema tu... Nakuombeni wasomaji wenzangu msicheke mpaka mfike mwisho.

Sisi tumezaliwa Unguja. Tulitoka kule mimi ni mtoto wa miaka kumi, pamoja na mama, na dada yangu Zuhura akiwa bado anabebwa. Baba alikwisha fariki. Mama yangu, Bi Moza, aliacha nyuma ndugu mmoja tu aliyebaki duniani, kaka yake, Mjomba Haji, ambaye alikuwa mpishi wa meli. Barua yake ilikuja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwengine haikuja. Kila akimaliza kusali, mama alikuwa akiomba dua ile ile, amwone kaka yake kabla ya kufa. Hakuwa na haja nyengine. Hakutaka dhahabu, hakutaka nyumba kubwa, alimtaka Haji.

Mwaka wa mkasa huu nilikuwa na miaka ishirini na minne, sina mke, nina pikapu. Ibra hakukuwa na sinema. Aliyetaka picha alikwenda Ruwi, karibu saa tatu za njia, nusu lami nusu vumbi, unafika nyusi zimekuwa nyeupe. Na mimi kwa picha nilikuwa mgonjwa! Siku moja niliona bango la picha mpya ya Kihindi, msichana kapanda farasi, nyuma yake moto unawaka. Nikaanza kuipigia debe ofisini mwezi mzima kabla haijafika. Nikisema haijatokea picha kama hiyo, wala haitatokea.

Mwenzangu wa meza ya pili, Rashid, aliyezaliwa Tabora, alinionya. Akaniambia, "Nassor, picha hiyo takataka. Utapoteza wikendi yako bure, na petroli juu yake."

Nilimwambia watu wa bara hawajui picha. Alhamisi ilipofika, siku yetu ya kwanza ya mapumziko, nikaenda.

Wallahi sijapata kuona uchafu kama ule. Eti shujaa ni kijana wa skuli, na mwenyewe ana kitambi na nywele za bandia zinazocheza kila akigeuza shingo! Msichana ni kipofu, lakini akitembea anakwepa mashimo. Mvua ya mapenzi inanyesha, na mpira unaomwaga maji unaonekana pembeni. Adui kauawa, kazikwa, halafu baada ya mapumziko tunamwona harusini anakula vitamu, kwa sababu wenye sinema walichanganya mikanda. Na nyimbo! Mtu akipigwa kofi, wimbo. Akipewa maji ya kunywa, wimbo. Watu walipiga miluzi, wengine wakatoka kwa hasira wakidai fedha zao. Mimi nilikaa mpaka mwisho kwa ukaidi tu, mbavu zinaniuma kwa kile kiti, roho inanichafuka.

Jumamosi asubuhi Rashid alikuwa ananingoja mlangoni, meno nje. Ningesema, "Kweli bwana, takataka," mambo yangekwisha pale pale. Angenicheka, tungekunywa chai, basi. Lakini nilikuwa nimeisifu mwezi mzima... Ulimi ukateleza wenyewe. Nikamwambia, "Ah, umekosa! Picha ya ajabu. Nenda, utakuja kunishukuru."

Alhamisi iliyofuata Rashid akaenda. Jumamosi akarudi, akanitazama machoni, akasema picha nzuri sana. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Siku ile ile nikamsikia anamsifia picha ile karani wa hesabu, na karani naye akaenda, akarudi anaisifu kwa shemeji yake. Nani alitaka kuwa mjinga peke yake? Kila aliyekula hasara alimtafutia mwenziwe sahani. Nilikuwa nikicheka mwenyewe barabarani, naona sote ni werevu.

Sasa sikilizeni nilipofika.

Nyumbani kwetu ilikuwa ada, tangu Unguja, aliyekwenda sinema akirudi awahadithie waliobaki. Basi baada ya laasiri tumekaa uani, mama anachagua mchele, Zuhura anasuka ukili, wananiuliza, "Haya, tuhadithie." Ningehadithia nini? Nywele za bandia? Nikaanza kupaka rangi. Yule kipofu nikamtengenezea maisha mapya. Nikasema alikuwa na kaka, wakapotezana kwenye mafuriko wakiwa wadogo, na kila mmoja anamtafuta mwenzake.

Niliposema kaka, mama akaweka ungo chini.

Ningeacha hapo. Lakini nilipenda anavyonitazama. Nikaendelea, nikasema mwisho kabisa wa picha mlango unagongwa. Dada anauliza nani, na kaka hasemi jina lake, anamwita yeye kwa jina lake la utotoni. Hapo dada anajua, anafungua. Hiyo niliitoa kwa mama mwenyewe, kwani Mjomba Haji hakuwahi kumwita Moza hata siku moja. Alikuwa akimwita Kibibi.

Mama alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Siku ya nne akaniambia, "Nassor, nipeleke na mie nikaione."

Nikamwambia njia mbaya, mama, utachoka. Akasema hajatia mguu sinema tangu kutoka Unguja na hataomba tena. Nikamwambia kelele ni nyingi. Akasema, "Kelele za nini, nami nataka kumwona anapogonga mlango tu." Nilikuwa na wiki nzima ya kumwambia ukweli, na wiki nzima nilimeza mate.

Jambo jengine. Mtaani kwetu mwanamke mtu mzima kwenda sinema ilikuwa aibu. Kwa hiyo mama alimuaga jirani yetu Mzee Khalfan kwamba tunakwenda Matrah, bandarini karibu na Ruwi, kumtazama mgonjwa, wala hakusema nyumba ya nani. Tukaondoka Alhamisi asubuhi, na Zuhura tukamwacha Matrah kwa binamu yake mama.

Nilikaa naye juu, upande wa familia, nikaitazama takataka ile mara ya pili. Kitambi kile kile, mpira ule ule wa maji. Safari hii mikanda haikuchanganywa, na bado picha ilinuka! Watu walikuwa wanazomea. Mama alikaa mikono mapajani, kama aliyepanga foleni hospitali. Kila mlango ukifunguliwa kwenye picha alijisogeza mbele. Taa zikawashwa, watu wakasimama. Yeye akabaki amekaa.

Akaniambia, "Bado yule kaka hajaja."

Hapo pia ningeweza kusema. Unajua nilisema nini? Nilisema serikali wamekata mwisho, mama, siku hizi wanakata kata picha. Aliniamini. Akasema, "Masikini, na pale ndipo penye utamu wake."

Tulilala Matrah kwa yule binamu. Asubuhi alipanda darini, akakaa kuzitazama meli bandarini. Kila akiona meli alikuwa akimkumbuka kaka yake. Aliziombea zote salama, kisha akashuka kunywa chai. Baada ya sala ya Ijumaa tukashika njia ya kurudi.

Tulipofika Ibra, Mzee Khalfan alitoka nyumbani kwake mbio mbio bila ya kilemba. Kiswahili hakijui, alisema kwa Kiarabu. Alisema jana adhuhuri amekuja mtu kwa teksi kutoka Matrah, mtu mfupi, mkono mmoja una kovu la moto. Kagonga mlango wetu mpaka mikono ikamuuma, anaita Kibibi, Kibibi! Mzee Khalfan akamwambia hapa hapana mtu wa jina hilo, hapa ni kwa Moza, mama yake Nassor. Yule mtu akacheka, akakaa kizingitini, akasema kwa Kiarabu chake cha melini ndiye huyo huyo. Akaambiwa mwenyewe yuko Matrah kwa mgonjwa. Matrah nyumba gani? Hakuna ajuaye. Akaona akishuka kumtafuta atampita njiani, bora angoje. Kangoja Alhamisi yote, kalala kwa Mzee Khalfan, na Ijumaa asubuhi kangoja tena mpaka dereva wa teksi akamwambia meli itamwacha.

Mama alishikilia mlango wa gari. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Amekula?"

Mzee Khalfan akasema amekula, wali na papa mkavu, na amesifu. Kisha akatuletea mzigo alioachiwa, umefungwa kwa gunia. Mama akaufungua pale pale chini. Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, ile ya bibi yangu, mguu wake wa nyuma umetiwa msumari. Mjomba kaitunza miaka yote ile, kaibeba kwenye meli mpaka kwetu. Mama alipitisha kidole kwenye meno ya ile mbuzi, yamelika, na hakulia. Angelia ningepata nafuu.

Niligeuza gari bila hata ya kuzima. Tulikwenda mbio njia nzima na mama pembeni yangu ameipakata ile mbuzi. Bandarini mlinzi alisema meli iliondoka kabla ya laasiri. Ilikuwa imefunga gati tangu Jumatano. Mama aliuliza ilikuwa na rangi gani, akaambiwa nyeusi, na ukanda mwekundu. Akasema, "Nimeiombea dua leo asubuhi."

Miaka miwili baadaye ilikuja barua kwamba Mjomba Haji amefariki Mombasa, homa ya siku nne. Hawakuonana tena.

Mtasema hapo nilikiri. Sikukiri! Mimi nilinyamaza, na mama akaendelea kunitetea. Wageni wakija alikuwa akiwahadithia picha ile, na mlango unaogongwa, na kaka anayeita. Akimaliza alikuwa akisema, "Mimi sikuiona hiyo, serikali walikata. Lakini Nassor aliiona yote, kanambia." Na mimi nipo pale nakoroga kahawa, naitikia kwa kichwa. Huoni uchafu huo? Mtu kaona picha mbovu, akaoa, akazaa, na bado anailinda.

Kisha zikaja vidio. Duka likafunguliwa sokoni kukodisha kanda, na Zuhura, ambaye sasa ni mwalimu, akanunua mashine. Mwaka jana siku moja nimerudi kazini, nikakuta wanawake wamejaa sebuleni na mama amekaa mbele kabisa, kavaa miwani. Zuhura akaniambia kwa furaha, "Kaka, nimempatia mama ile picha yake. Nzima! Haijakatwa hata kidogo."

Nilikaa mlangoni. Nikaitazama mara ya tatu, na safari hii kila kitambi kikitikisika nilimtazama mama. Watoto walikuwa wanacheka, wageni walikuwa wanapiga miayo. Mama peke yake ndiye aliyekuwa haondoi macho. Alingoja miaka mingi kumwona yule kaka.

Kanda ikaisha. Mama akasema, "Rejesha nyuma, Zuhura. Pengine imepita sikuona."

Zuhura akarejesha. Wakatazama tena mwisho. Akaomba arejeshe mara nyengine, na Zuhura akarejesha, sasa ananitazama mimi, si vidio. Wageni wakaaga mmoja mmoja.

Mama akavua miwani, akaifuta, akasema taratibu, "Kumbe hakikukatwa kitu."

Nikainama kutafuta viatu vyangu mlangoni.

"Nassor."

"Labeka, mama."

"Basi kaka yangu nimemkosa kwa ajili ya nani?"

Ningemjibu nini, wasomaji wenzangu? Kwamba ni kwa ajili ya Rashid? Kwamba nilichelea meno ya Rashid mlangoni pa ofisi, asubuhi moja ya Jumamosi? Nilifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika jambo hili uongo haukutoka. Wala ukweli haukutoka siku ile. Nilimwambia keshoye, nimepiga magoti, tangu nywele za bandia mpaka mwisho. Alisikiliza yote. Aliuliza tu kama yule msichana, katika picha yenyewe, ana ndugu yeyote. Nikasema hana.

Mama yu hai. Ananisemesha, ananiombea, na nikienda kwake Ijumaa ananipikia wali wa nazi. Nazi anaikuna kwa ile mbuzi, hamwachii mtu. Nakaa sebuleni nasikia sauti ya meno yale, krr, krr, kisha sahani inakuja na nakula yote, na chakula kinashuka kama mchanga. Picha ile hatuitaji tena, na hadithi ya mlango unaogongwa hawahadithii tena wageni. Hata hiyo nimempokonya.

Rashid nimemweleza mkasa huu. Alilia. Akasema naye alimpeleka mkewe mjamzito kwenye vumbi lile, kwa sababu ile ile, asikiri kwamba picha ni mbovu.

Nakusihini, hasa nyinyi vijana. Picha mbovu zipo na zitazidi kuwapo, na ipo siku utakwenda mbali, utapoteza siku yako, utoke umechafukwa na roho. Ukirudi sema ni mbovu. Sema nimekula hasara, msiende. Usimtafutie mwenzako sahani, kwani hujui nani atakayeamini maneno yako na ataacha mlango gani nyuma yake. Waache wakucheke. Rashid angenicheka siku moja tu.