Nilikabwa na Nyama Mgahawa Umejaa Watu

Nilikuwa nakufa, jamani.

Siyo kufa kwa maneno. Kufa kweli! Pande la nyama limekwama kooni, halishuki wala halipandi. Pumzi haiingii. Macho yamenitoka, nagonga meza kwa kiganja... pa! pa! pa!

Mhudumu akaja mbio. Nikajua hapa nimepona.

"Dada, usigonge meza, nimeshakuona. Unataka maji au soda?"

Jamani!!

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni fundi wa mapazia. Mchana huwa tunakula dukani na wenzangu, kila mtu na bakuli lake kutoka nyumbani, umbea juu. Siku hiyo bosi alinipigia nikiwa njiani.

"Usije huku. Nenda tawi letu la ng'ambo ya mji, fundi wa kule anaumwa."

Nikageuza. Kule sikumjua hata mtu mmoja, na bakuli nilikuwa nimelisahau juu ya friji. Ilipofika mchana, njaa ikanisukuma mgahawa wa jirani.

Wapendwa, mmeshawahi kula peke yenu mgahawani? Kama bado, basi hamjajua kudhalilika.

"Mko wangapi?" mhudumu akaniuliza mlangoni.

"Niko peke yangu."

Akachungulia nyuma yangu kama vile nimeficha watu mgongoni.

"Unamsubiri mtu?"

"Hapana."

"Haya... pole."

Pole ya nini sasa? Nimefiwa?

Nikakaa. Hata sijatulia, mkaka mmoja kaja.

"Dada, hiki kiti kina mtu?"

"Hakina."

Kikaenda. Akaja mwingine, nacho kikaenda. Mwishowe nikabaki na meza kubwa na kiti nilichokalia, kama mtahiniwa aliyekamatwa anaibia.

Nikatoa simu, nikajifanya nachati. Naandika, nacheka kidogo, nafuta. Meza ya pembeni wasichana wanajirekodi na sahani zao, wananitupia jicho. Nikaona bora nile harakaharaka niondoke zangu.

Ndiyo haraka iliyoniponza.

Sasa pale nagonga meza, mhudumu ananitajia soda, wale wasichana wamenigeuzia simu. Mmoja anasema, "Mcheki huyu dada, kapandisha mashetani!" Wenzake wanacheka.

Mgahawa umejaa, na nakufa naonekana!

Masikio yakaanza kuvuma. Nikaona giza likija pembeni mwa macho.

Mara nikasikia kiti kinaanguka. Mama mmoja mnene, muuza mitumba, kaacha furushi lake sakafuni, kaja kwangu kwa kishindo.

"Nyie mmelogwa? Mtu anakufa huyu!"

Akanikumbatia kwa nyuma, akaniminya tumbo kwa ngumi. Mara ya kwanza hola. Akaminya tena mpaka miguu ikaacha sakafu...

Pande likatoka kama risasi, likatua kwenye chai ya babu mmoja aliyekuwa anasoma gazeti. Babu akatazama kikombe. Akanitazama mimi. Akasogeza kikombe taratibu, akaendelea kusoma.

Nililia palepale, nimeng'ang'ania mkono wa yule mama. Hakuniuliza jina. Alinifuta uso kwa kanga yake tu.

"Kula taratibu, mwanangu. Hakuna anayekukimbiza."

Nikarudi nyumbani jioni sina hata sauti. Mume wangu akaingia kama kawaida, tai shingoni, begi la kompyuta begani. Ni mtunza ghala kiwandani. Kila asubuhi anatoka, kila jioni anarudi.

"Pole na kazi, mke wangu."

"Na wewe pole."

Akatoa asali na malimau kwenye begi.

"Nikuchemshie? Itakulainisha koo."

Akanichemshia. Akanikalisha kitandani, akanifunika miguu. Nikajisemea moyoni, nina mume mimi!

Akaenda kuoga. Simu yangu ikalia. Shosti wangu wa dukani kwetu kanitumia video.

"Shoga, si wewe huyu???"

Ndiyo mimi. Natoa macho, nacheza na meza, watu wameandika vichekesho chini yake. Hata mimi nilicheka. Nikairudia. Nilipoirudia mara nyingine... nikaganda.

Nyuma yangu, kwenye kona karibu na mlango, mwanaume kakaa peke yake na sahani yake. Shati la mistari nililolipiga pasi asubuhi. Tai niliyoifunga mimi.

Ananiangalia.

Anainuka. Nikasema moyoni, anakuja! Nilikuwa nayajua yaliyotokea, lakini bado nilimsubiri aje.

Akachukua begi lake. Akatoka.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba asali alikuja nayo tayari, na hakuna aliyemwambia kuhusu koo langu.

Alipotoka bafuni na taulo kiunoni, nilimuwekea simu usoni.

Akaangalia. Akakaa chini, sakafuni kabisa.

"Alikuwa nani?" nikauliza. Sauti ilitoka kama ya chura.

"Nani?"

"Huyo mwanamke uliyekuwa naye! Alikuwa chooni? Alikuwa njiani anakuja?"

"Hakuna mwanamke."

"Usinifanye mtoto!"

"Hakuna mtu, mama. Nilikuwa peke yangu. Kila siku huwa peke yangu." Akafunika uso. "Walinifukuza kazi. Tangu kabla ya mvua kuanza."

Simu nikaiweka kitandani.

"Huwa natoka asubuhi nazunguka. Mchana naenda kukaa pale, kwa sababu ni mbali na kazini kwako. Sikujua kama ungekuja... Nilipokuona nilichanganyikiwa. Ningekuambia nafanya nini pale mchana wote?"

"Kwa hiyo ukaona bora nife?"

"Nilijua kuna mtu atakusaidia. Watu walikuwa wengi."

Watu walikuwa wengi!

Nawaambia ukweli, wapendwa: angekuwa na mwanamke ningejua pa kuanzia. Ningetukana, ningetupa nguo nje, ningempigia huyo mwanamke simu. Sasa nimpigie nani? Nigombane na aibu?

Kesho yake wifi yangu akaja mbio kumtetea kaka yake.

"Wifi, mshukuru Mungu. Wenzio wanafumania, wewe umekuta mume kakaa mwenyewe anakula wali!"

"Aliniacha nakufa, wifi."

"Si alipaniki? Mwanaume akikosa kazi akili inaruka. Na hukufa, si uko hapa?"

Kidogo nilainike, maana nilimuona mume wangu alivyokonda kwa siku moja, anakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni. Kazi angepata nyingine. Ningemlisha kwa mapazia, wala nisingemsema.

Nikamtafuta yule msichana aliyenirekodi, nikamweleza kuwa mwanaume wa pale kwenye kona ni mume wangu, nikamuomba afute. Akaomba radhi mpaka akalia. Akafuta. Kisha akaniambia, "Dada, kuna kipande kirefu sikukiweka. Nadhani unapaswa kukiona."

Nikakiona.

Mume wangu hakwenda mbali. Alitoka nje, akasimama upande wa pili wa kioo cha mgahawa. Kiganja kakiweka mdomoni, begi limeanguka miguuni. Anatazama yote. Mama wa mitumba ananinyanyua, yeye anatazama. Miguu yangu inaning'inia, yeye anatazama. Nilipovuta pumzi, alishika kichwa, akainama kama mtu anayetapika. Kisha akaokota begi, akaondoka. Bila shaka alikuwa anaenda kununua asali.

Nilimuonyesha wifi. Akapiga makofi kwa furaha.

"Unaona! Alishindwa kukuacha! Huyo anakupenda!"

Labda. Mimi nimekiangalia kipande hicho mara nyingi kuliko nilivyotakiwa, na kila mara naona kitu kimoja. Mlango ulikuwa wazi. Haukufungwa hata mara moja. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, wanampita.

Sasa niko kwa dada yangu mkubwa. Hajanifukuza mtu, nimebeba cherehani yangu mwenyewe nikaja. Mume wangu anapiga simu kila jioni, anauliza kama nimekula. Naitikia. Sijamtukana hata siku moja.

Ukiwa na jambo zito, mwambie mwenzako. Aibu ukiilea sana inakomaa, na siku ikikulazimu uchague kati yake na mtu wako, unashangaa kumbe ulishachagua zamani.

Haya, najua mtaniandikia nirudi. Andikeni. Ila kwanza kila mmoja wenu amtazame aliyelala naye kitanda kimoja, ajiulize: huyu, watu wakiwa wengi, ataingia?