Kopo la Makohozi

Walikuwa wameshakiacha kijiji cha Mella nyuma, baba akitangulia na bintiye akimfuata, kama walivyotoka kila asubuhi ya kazi. Edimu alikuwa akielekea machimbo ya mawe karibu na Tororo, na Apolot alikuwa akienda shule ya misheni iliyokuwa njia hiyo hiyo. Ilikuwa miaka ile Mwingereza angali anatawala pande zote mbili za mpaka, na mtu aliyepata kazi ya kuvunja kokoto za reli alihesabiwa kuwa na bahati, hata kama vumbi lake lilimpaka weupe mpaka kwenye kope.

Asubuhi hiyo walipofika penye shamba la mtama Edimu alikata kona, akaingia katikati ya mabua, akamwashiria mwanawe amfuate. Akatoa mfukoni kopo dogo la bati lenye kifuniko.

"Tema humu."

"Niteme nini, Papa?"

"Makohozi. Si mate ya mdomoni. Kohoa mpaka yatoke ya chini kabisa."

Apolot alilijua kopo lile. Kila mfanyakazi wa machimbo alikuwa amepewa lake, alirudishe likiwa na makohozi yake ndani, ili daktari wa kampuni aone nani ana kifua kibovu. Na Edimu alikuwa akikohoa tangu mavuno. Mwenyewe alisema ni vumbi la mawe tu, lakini alilisema hilo mara nyingi mno, kama mtu anayejituliza.

"Lakini wanataka yako, Papa."

"Wakiyaona yangu, nakwenda alikokwenda Imalingat. Unataka hivyo?"

Apolot hakutaka hivyo. Imalingat alikuwa jirani yao na mwenzake baba kazini. Siku moja alianguka machimboni akitema damu, gari likamchukua, likashika njia ya Busia, na tangu hapo nyumbani kwake hawakumtia machoni. Wengine walisema yuko hospitali. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema amepelekwa kwa wazimamoto, wale waliosemekana kunyonya damu za watu na kuziuza. Apolot alikuwa mtoto wa shule, lakini maneno hayo yalimwingia. Hata barabara ya Busia aliogopa kuitazama.

"Ujanja huu alinifundisha Imalingat mwenyewe," Edimu alisema. "Uchunguzi wa mwaka jana alitemewa na mpwa wake, akapita safi kabisa. Wewe ni mtoto, huna kitu kifuani. Haya, fanya upesi, nyapara hangoji mtu."

Apolot alikohoa. Yalikuja upesi kuliko alivyotazamia, mazito. Baba yake alifunika kopo bila kutazama ndani, akamshika bega.

"Mama yako asijue."

Siku zilizofuata Apolot aliishi na hofu kama mtu anayeishi na mbwa mkali uani. Mlio wa gari ulimshtua. Mgeni akipiga hodi, alijificha nyuma ya ghala. Darasani mwalimu alimwita mara mbili kabla hajasikia. Aliogopa kwamba wataujua uongo na kumfunga baba yake. Lilikuwapo pia jambo jingine dogo ambalo hakumwambia mtu: siku hizi alikuwa akiamka na shuka limelowa jasho, na chakula hakikumpendeza tena. Alidhani ni hofu hiyo hiyo.

Kisha akaja dresa.

Jina lake Wesonga, Msamia wa Busia, kijana mrefu wa kaptula nyeupe aliyefunga vidonda na kupiga sindano pale machimboni. Alikuja Jumapili mchana, akaegemeza baiskeli ukutani. Amulen, mama yake Apolot, alikuwa akitwanga.

"Bwana Dresa," alisema akicheka, "baiskeli yako ikionekana barabarani, watu wazima wanaingia vichakani. Leo umekuja kumkimbiza nani?"

Wesonga hakucheka. Alimwomba Edimu aketi.

"Ndugu yangu, makohozi yako tumeyatazama kwa darubini. Yana wadudu wa kifua kikuu. Kesho gari litakuchukua hospitali, ng'ambo ya Busia."

Mchi wa Amulen ulikaa juu, haukushuka. Edimu akamtazama Apolot, na Apolot akamtazama yeye, na katika nyumba ile ni wao wawili tu waliojua maana ya kilichosemwa. Wadudu hawakuwa wa Edimu.

Apolot alikumbuka jasho lile la usiku. Chakula kile. Kikohozi alichokimeza darasani wenzake wasimcheke. Akamwona Imalingat machoni pake, damu kidevuni.

Edimu alisema anakwenda kutafuta blanketi. Alizunguka nyuma ya ghala, akamwita mwanawe kwa kidole.

"Sikia," alinong'ona. "Nitakwenda mimi. Watanipa dawa, nami sitaimeza. Nitaificha nikuletee. Utapona, na uongo wetu hautajulikana. Umesikia?"

"Ndiyo, Papa."

Kwa kitambo kidogo moyo wa Apolot ulitua. Lakini waliporudi, Wesonga alikuwa akimweleza Amulen mambo ya matibabu.

"Ni sindano, mama. Kila siku sindano, kwa miezi. Na vidonge vinamezwa mbele ya muuguzi. Harudi nyumbani mpaka wadudu waishe."

Apolot alimgeukia baba yake. Edimu alikuwa ametazama chini, anakunja blanketi na kulikunjua. Sindano haifichwi mfukoni. Ndipo hofu mbili za Apolot zikagombana kifuani: hofu ya baba kufungwa, na hofu ya kubaki pale akiisha kidogo kidogo huku dawa yake ikidungwa mwilini mwa mtu mwingine.

"Bwana Dresa," alisema, na sauti ilitoka nyembamba. "Yale makohozi ni yangu."

"Nini?"

"Nilitema mimi. Kwenye mtama."

"Usimsikilize," Edimu alisema upesi. "Mtoto ana homa, anapayuka."

Wesonga hakubishana. Alifungua mkoba wa baiskeli, akatoa makopo mawili. "Basi tutoke wote hapo uwanjani, penye upepo. Kila mmoja akohoe mbele ya macho yangu."

Edimu alilishika kopo lake kitambo kirefu. Kisha akaketi chini pale pale vumbini, mtu mzima na ndevu zake, akafunika uso.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma. Imalingat alinifundisha, naye mwaka jana alitemewa na mpwa wake."

Amulen aliacha mchi ukaanguka. Hakumpigia mumewe kelele. Alimfuata binti yake, akamweka mkono kwenye paji la uso, kama aliyekuwa akimwona mara ya kwanza.

Wesonga aliuliza kama nyumbani kuna mtu mwingine anayekohoa. Hapana. Je, mtoto amewahi kukaa karibu na mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu? Amulen ndiye aliyejibu. Jioni wanaume wa jirani walikusanyika katika nyumba ya Imalingat kunywa ajon, pombe ya ulezi aliyoipika yeye mwenyewe, chungu kimoja na mirija mirefu. Pombe hiyo huongezwa maji ya moto kila inapopungua, na kazi ya kumimina ilikuwa ya Apolot. Alikaa magotini pa Imalingat jioni baada ya jioni, mlango umefungwa kwa baridi.

"Kwa hiyo ni mirija," Amulen alisema kwa uchungu.

"Si mirija, mama. Ni hewa. Anayeugua akikohoa ndani ya nyumba iliyofungwa, walio karibu naye wanavuta alichokitoa." Wesonga alimgeukia Edimu, na hakumkaripia. "Mwaka jana Imalingat alitemewa na mtu mwenye afya. Angalitema mwenyewe, tungalimjua mapema, tukamtibu, na asingalikohoa juu ya kichwa cha binti yako. Nawe ukataka kujificha kwa ujanja ule ule. Uchunguzi wa kazini hauna maana ya kumnasa mtu, ndugu yangu. Ni wa kumwona mgonjwa wakati bado anatibika, na kuwalinda wanaovuta hewa moja naye. Daktari akidanganywa, ugonjwa haudanganyiki. Mtoto huyu ameogopa kuliko sisi sote, na bado amesema kweli. Kwa hilo ataishi."

Apolot alipelekwa Busia kesho yake. Alilia njia nzima, na hakuna aliyemnyonya damu. Alikaa hospitali mpaka mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Alipona, akarudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake wote, na baadaye akaolewa Kisoko.

Edimu alipimwa kwa makohozi yake mwenyewe. Hakuwa na wadudu. Lilikuwa vumbi la mawe. Nyapara alimtukana mbele ya watu, lakini hakufukuzwa. Aliwekwa kulinda lango, mbali na mawe, kwa mshahara mdogo zaidi. Kikohozi kilipungua, hakikuisha.

Imalingat alikuwa hospitali kweli. Alifariki wiki chache baada ya Apolot kufika. Mpwa wake alipimwa, akaonekana mzima. Amulen aliendelea kupika ajon, ila waliotaka kuinywa waliinywea uwanjani. Wesonga alihamishiwa mji mwingine, na baiskeli alipewa dresa aliyemfuata.