Dawa Iliyokuwa Bado Maabara

Dada yangu ni fundi cherehani, na kwa ukaidi hana mpinzani. Kila mteja akiingia, huambiwa: "Binti yangu anatengeneza dawa ya saratani!" Mtaa mzima ukambandika binti jina la Daktari.

Siku moja binti alikuja kututembelea. Akaona blauzi ya mama yake imeongezwa kitambaa upande mmoja wa kifua.

"Mama, hapo pana nini?"

"Uvimbe tu. Naisubiri dawa yako."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipopata kazi."

Loo! Mwaka mzima anajipanulia blauzi! Nilitamani kumzaba kibao, dada au si dada.

Binti akaketi sakafuni. "Mama, mimi si daktari wa kutibu. Nilisomea kemia ya viumbe hai. Shahada ya kwanza, ya pili, kisha uzamivu. Ujana wangu wote umeishia darasani. Sasa niko maabara, ninaunda kingamwili."

"Si ndiyo dawa yenyewe?"

"Kingamwili ni askari wa mwili. Wewe unarekebisha gauni limkae mteja. Mimi narekebisha kingamwili ishike seli za saratani, iziache zile nzima. Nikikosea, naanza upya. Nikipatia, inajaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha wengi. Ni miaka, mama! Na dawa nyingi hukwama njiani."

"Ungeniambia, mwanangu."

"Nawe ungeniambia! Hospitali zina dawa leo. Ungeenda mapema..." Alilia kwa uchungu, mimi nikalia kwa hasira.

Kesho yake tulimpeleka hospitali. Wakachukua kipande kidogo cha uvimbe, wakakipima. Ni saratani, na ilishaingia kwenye mifupa.

"Tutaipunguza kasi," daktari alisema. "Kuiondoa yote, hapana. Mama zangu, mkihisi uvimbe, au ngozi ya ziwa ikibonyea, njooni mpimwe mara moja. Uvimbe mwingi si saratani, lakini kwa macho huwezi kujua."

Nami nikapimwa. Nilikuwa na uvimbe mdogo wa saratani, hata sikuujua. Ukatolewa, nikatibiwa, nimepona.

Siku hizi dada akimpima mteja kifua, humuuliza kama ameshakwenda hospitali kuchunguzwa. Wengi wamekwenda.

Juzi alimuuliza binti yake, "Dawa yako imefika wapi?"

"Bado tunaijaribu kwa panya, mama."

"Panya wana bahati kuliko mimi," dada akasema, akacheka.

Binti hakucheka.