Kitambaa Juu ya Tangi la Pindo

Usijifanye hukuona. Mbwa wa jirani amefungwa juani, bakuli lake limekauka, nawe umepita. Mche wa darasani umesinyaa pale dirishani, umepita. Mdogo wako anakohoa tangu juzi, nawe umeongeza sauti ya redio. Ufundi wa kugeuza shingo tunao sote, wala hakuna shule iliyotufundisha. Basi leo kaa hapa, utazame mbele, maana hii ni habari ya mtoto aliyegeuza shingo, na ya mtu mzima aliyegeuza shingo pamoja naye.

Mtoto huyo walimwita Shungi kwa sababu ya nywele zake za utosini, ambazo hazikukubali kulala hata zikisukwa namna gani. Kila asubuhi kabla ya shule alipitia dukani kwa shangazi yake, fundi cherehani aliyeshona sare za wanafunzi. Alifagia vipande vya vitambaa, akaokota pini sakafuni, kisha akasogea mahali alipopapenda kuliko pote: mbele ya tangi la kioo lililokaa mezani, kati ya pasi na dirisha, na kimashine chake cha umeme cha kupuliza hewa majini.

Humo waliishi samaki wanne, kila mmoja na jina lake la kifundi. Kifungo alikuwa mdogo, mviringo, mwoga wa kila kitu. Uzi na Zipu walikuwa wembamba na hawakuachana. Na Pindo, mkubwa wao, alikuwa mwekundu, na mkia wake ulining'inia upande kama pindo la sketi lililofumuka.

Tangi lilikuwa la mtoto wa pekee wa shangazi. Aliliunda mwenyewe kwa vipande vya kioo alivyopewa na mtengeneza madirisha. Aliligandisha kwa gundi, likavuja, akaligandisha tena. Kisha akaugua kifua, akafariki kabla hajamaliza shule. Kati ya samaki aliowatia kwa mkono wake, aliyebaki alikuwa Pindo peke yake. Shangazi hakuyasema sana mambo hayo. Ila kiti chake cha kushonea alikuwa amekigeuza, ili amwone Pindo bila hata kuinua kichwa.

Shule zilipofungwa kwa likizo ndefu, daktari alimwambia shangazi mgongo wake umechoka na macho yake yamechoka zaidi. Tangu amzike mwanawe hakuwahi kupumzika. Dada yake, anayeishi mbali, akamwita akakae kwake likizo yote.

Siku ya kuondoka alimkabidhi Shungi ufunguo wa duka na kastabini kuukuu, kile kikofia cha chuma ambacho fundi huvaa kidoleni asichomwe na sindano.

"Chakula ni kastabini moja kila asubuhi, wala isijae," alisema. "Maji punguza kidogo kidogo, uongeze yaliyolala kwenye ndoo. Usiwape ya bomba moja kwa moja, yana dawa. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, shangazi. Lakini kastabini moja samaki wote hao? Hata mimi nisingeshiba."

"Wewe na tumbo lako lile usijipime na samaki!" Shangazi alicheka, kisha akaacha kucheka. Aligusa kioo kwa kidole. Pindo akaja. "Huyu, mwanangu... huyu nitunzie."

"Nitamtunza, shangazi. Haki ya Mungu."

Mwanzoni alitunza kweli. Kabla hata ya kunywa chai alikuwa ameshafungua duka. Lakini uwanjani kukaanza mashindano ya mpira wa pete ya mtaa kwa mtaa, na rafiki yake Kidomo, msichana aliyeweza kusema bila kuvuta pumzi, alimpitia kila asubuhi.

"Shungi, twende bwana! Samaki hawana saa."

Asubuhi moja hakwenda dukani. Kesho yake akasema atakwenda jioni, na jioni ikamkuta amelala na viatu miguuni. Siku zikafuatana hivyo. Alipokumbuka, alikimbia hadi dukani. Samaki walikuwa wazima. Wakaja kwenye kioo midomo wazi, na Shungi akaona huruma na aibu pamoja. Akafanya kosa ambalo ni mtoto mwenye huruma tu angelifanya: akaamua kuwapa vyakula vyote walivyovikosa. Kwa kila asubuhi aliyowasahau alimimina kastabini, tena iliyojaa hadi kufurika, na mwisho akaongeza moja ya kuomba radhi.

"Kuleni, jamani," akawaambia. "Mnisamehe."

Aliporudi siku mbili baadaye, maji yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Chakula kilichobaki kilikuwa kimelala chini, kimeota ukungu. Pindo alikuwa juu kabisa, anahema hewani kwa mdomo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Ndoo ilikuwepo. Bomba lilikuwepo. Simu ya kumpigia shangazi ilikuwa kiganjani. Shungi alisimama, akatazama, akaogopa. Angemwambia nini? Akachukua kipande cha kitambaa cha kaki, kile cha kushonea kaptura za shule, akalifunika tangi. Duka likaonekana nadhifu. Akafunga mlango.

Jioni ile shangazi alipiga simu. "Hawajambo samaki wangu?"

"Hawajambo, shangazi."

"Na Pindo?"

"Hajambo... anakula vizuri."

"Ahsante, mama. Unajua leo nimelala mchana? Mimi! Mgongo umeanza kuniachia."

Shungi alikata simu akalia kwenye mto wake. Lakini kitambaa hakukiondoa.

Harufu ilianza kupenya chini ya mlango. Kinyozi wa duka la pili aliisikia. Alimwona Shungi akipita mbali na duka, ameinamisha kichwa, akamtania, "Eti fundi mdogo, duka mmelisusa?" Shungi akajibu kuwa hana kazi ya kufanya humo. Kinyozi akashika pua, akasema pengine ni mtaro, akafunga mlango wake akaendelea kunyoa. Mtu mzima mzima!

Kisha shangazi akatuma ujumbe kwamba yuko njiani.

Shungi alikwenda dukani na Kidomo, akavuta kitambaa. Uzi na Zipu walikuwa wameelea pamoja, hata kufa hawakuachana. Pindo alikuwa ameegemea kona ya tangi, pale penye gundi nyingi, pale mvulana yule alipoziba palipokuwa panavuja mwanzo. Rangi yake nyekundu ilikuwa imefifia. Mkia wake haukuning'inia tena upande, ulikuwa umenyooka.

Shungi hakulia. Alikosa hata pa kuanzia.

"Sema umeme ulikatika," Kidomo alinong'ona. "Mashine ya hewa ikazima, wakakosa pumzi. Nani atajua?"

Shangazi aliingia na begi mkononi, uso umenawiri. Shungi alitoa shikamoo, na kabla hajaulizwa lolote akasema, "Umeme ulikatika, shangazi."

Shangazi aliangalia tangi muda mrefu. Begi likamponyoka. Alikaa kwenye kiti chake, kile kilichogeuzwa.

"Kosa ni langu," alisema polepole. "Nilijitia kupumzika. Kwangu mimi kupumzika ni haramu. Mtoto niliyemzaa ameniachia kitu kimoja cha kukitazama, nami nimekwenda kulala mchana. Siondoki tena. Sitaondoka tena katika duka hili."

Maneno hayo yalimchoma Shungi kuliko kipigo chochote. Akaanguka magotini, akashika kanga ya shangazi yake.

"Si wewe! Shangazi, si wewe! Umeme haukukatika. Niliwasahau, nikawapa chakula chote kwa mara moja, maji yakaoza. Nikaona. Nikafunika."

Kidomo alitazama chini. Shangazi hakumpiga, wala hakumkumbatia. Aliuliza neno moja tu.

"Wote?"

Ndipo wakainama. Nyuma ya jiwe, Kifungo mwoga alikuwa bado anachezesha mashavu, taratibu, kama saa inayokaribia kusimama.

"Maji yaliyolala!" shangazi alipiga kelele. "Nani ana maji ya jana?"

Kinyozi alikuja mbio na ndoo yake ya kuoshea vichwa, aliyoijaza jana wala hakuwa ameitia sabuni bado. Waliteka maji machafu, wakaongeza safi kidogo kidogo, wakanyonya uozo wa chini kwa kipande cha mpira wa maji. Shungi aliteka bila kupumzika. Kifungo akatikisa mkia.

"Jirani," shangazi alimgeukia kinyozi, "harufu hii hukuisikia?"

"Niliisikia, fundi. Nikadhani ni mtaro."

"Ukafanya nini?"

Kinyozi alitazama miguu yake. "Nikafunga mlango."

Pindo walimfunga katika kipande cha kaki kilekile, wakamzika kwenye chungu cha maua pale dirishani. Shangazi alilia kwa sauti. Alikuwa anamzika mwanawe mara ya pili, na Shungi alilijua hilo.

Alipomaliza kulia alimkalisha mtoto karibu na cherehani.

"Kusahau kunaweza kumpata yeyote," alisema. "Hata mimi niliwahi kumshonea mwalimu suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Tena samaki hafi kwa kukosa chakula siku chache. Ungenipigia simu nikakwambia ubadilishe maji, leo Pindo angekuwa anatutazama. Lakini nikikosea mshono, mimi nafumua. Vidole vinauma, uzi unapotea, nafumua siku ileile. Wewe uliona, ukafunika. Pindo wangu ameuawa na kitambaa, mwanangu."

"Sitafunika tena, shangazi."

"Najua. Ndiyo maana likizo ijayo nitaondoka, mgongo wangu bado. Na ufunguo nitakuachia wewe." Alimfungia kastabini kiganjani, huku machozi yanamtoka. "Kifungo hana mwingine wa kumwangalia."

Sasa wewe. Una kitu umekifunika, nami nakwambia wewe, si mwenzako. Bakuli uliloacha likakauka, mgonjwa uliyeacha kumjulia hali, kosa uliloliona likianza kunuka ukafunga mlango. Usingoje kengele. Usingoje kutumwa. Funga kitabu hiki, inuka, nenda ukavute hicho kitambaa sasa hivi, wakati ndani bado kuna kinachohema.