Mashua Iliyogeuzwa

Lifti ya jengo lile refu ilipoharibika, watu walijazana ukumbini kama siafu, kila mmoja na lawama zake. Mpimaji macho wa duka la miwani la ghorofa ya saba alishuka ngazi akihema, gauni lake la manjano limemganda mgongoni, maneno makali tayari kwenye ncha ya ulimi. Akamkuta fundi wa lifti kakaa juu ya sanduku la vifaa, ovaroli imelowa mafuta, macho kwenye simu.

"Kaka, sisi magoti yanalia, wewe unacheza?"

"Nasubiri kifaa, dada. Lifti haiponi kwa kutazamwa kwa huruma."

Alitaka kumjibu, ila jicho likamponyoka hadi kwenye simu: bahari, vishale vya upepo, mashua nyekundu. Moyo ukamruka. Zilikuwa zile mbio za mtandaoni ambamo maelfu ya watu hushindana kuvuka bahari kwa kufuata upepo wa utabiri wa kweli, na mashua nyekundu aliijua vizuri mno: ya Kobe, mpinzani wake.

"Kobe ni wewe?"

Fundi akainua kichwa. "Na wewe?"

"Chiriku."

"Haa! Uliyeniita mwizi wa upepo mbele ya watu?"

"Hilo si tusi, ni cheo."

Fundi akacheka hadi spana ikamtoka mkononi. Lifti ilipopona, alimpandisha yeye wa kwanza, na wengine wakanuna.

Kuanzia hapo simu hazikukauka.

"Chiriku wangu, umeamka?"

"Nimeamka. Bado uko nyuma yangu kama mkia?"

"Namlinda mke wangu."

"Mke! Nani kakupa?"

"Nikifika mbele yako, naja kwenu."

"Basi utazeeka kapera."

Kwa kuwa mashua zile hazilali, na mwenye kazi hawezi kushika simu kutwa, walipeana maneno ya siri ya kuingilia mchezoni ili mmoja amgeuzie mwenzake mashua. Fundi alisema hilo ni zaidi ya pete. Alimsimulia pia habari za baba yake, makanika wa zamani wa meli za mizigo, ambaye sasa alikuwa amelazwa, kifua kibovu, na raha yake pekee ikawa kumfuata Kobe kwenye tableti. Mzee hajamwona binti bado, ila keshamwita mkwe. "Mwambie mkwe asimbane mwanangu," alikuwa akituma salamu.

Siku moja duka la miwani lilijaa wanafunzi waliokuja kupimwa. Binti akampigia mpenzi wake asubuhi.

"Kobe, mchana upepo unageuka pale kwenye rasi. Nigeuzie, la sivyo nitapanda mwamba."

"Hilo tu? Wewe pima macho ya watoto wa watu, mimi nipo."

Jioni alipofungua simu nyumbani, Chiriku alikuwa juu ya mwamba. Kobe alikuwa mbali mbele, anapepea kati ya mashua za juu kabisa. Akapiga simu, ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena, imezimwa. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akikunja nguo kando yake, akachungulia.

"Si nilikwambia? Kikulacho ki nguoni mwako. Kakuacha ukwame ili apite yeye."

Hasira ikampanda hadi masikioni. Hakusubiri kusikia neno. Akaandika neno la siri la Kobe, akaishika ile mashua nyekundu, akaielekeza nchi kavu. Alikaa akiitazama mpaka ikagonga.

"Sasa tuko sawa," akasema.

Asubuhi fundi akapiga, kwa simu ya mtu mwingine.

"Mzee ametutoka," alisema, na simu ikakatika.

Binti alimwona baada ya mazishi, uani kwa wafiwa, kati ya viti vya plastiki vilivyokuwa vikipangwa juu kwa juu. Fundi alivaa shati jeupe ambalo halikupigwa pasi. Alikuwa amekonda ghafla.

"Waliniita mchana kwamba kazidiwa," akasema. "Nikakimbia. Simu nikaisahau juu ya paa la lifti, ikafia huko. Yangu nilikuwa nimeshaipangia njia tangu alfajiri. Ya kwako ilihitaji mkono."

"Kobe…"

"Ngoja nimalize. Jioni alipata nafuu. Akaomba tableti yake. Tulikuwa tunacheka, Chiriku. Ananiambia, 'Unaingia kumi bora, mwanangu!' Mara mashua ikageuka. Akanishika mkono, 'Geuza! Mbona hugeuzi?' Mpaka nimefaulu kuingia mchezoni kwa tableti yake, imeshakwama. Nikaiona ya kwako nayo imekwama. Nikaelewa."

Binti alifunika uso kwa ncha ya mtandio. "Mzee alijua ni mimi?"

"Aliuliza nani kafanya vile. Nikamwambia nimekosea mwenyewe." Fundi akakipanga kiti kimoja juu ya kingine. "Akanionea huruma. Akasema, 'Usijali, mkwe atakufundisha.' Hakusema tena neno la maana."

Mtu alimwita fundi kutoka ndani. Akaitikia kwa mkono tu.

"Nisamehe," binti akasema. "Laiti ningekungoja. Saa moja tu ningengoja."

"Nimekusamehe. Hilo halikunichukua muda. Ila nikikutazama, naona anavyonishika mkono. Na sijui nitaacha lini kukuona hivyo."

"Nami nikupende vipi sasa?"

"Sijui, Chiriku. Kwa mbali."

Kujizuia kukamshinda, akalia waziwazi, bila kujali waliokuwa wakipanga viti. Fundi alinyoosha mkono kama anayetaka kumfuta machozi, akaurudisha mfukoni.

"Basi hata simu?" binti akauliza. "Kesho nikupigie? Nikujulie hali tu."

Fundi akageukia mlango.

"Usinipigie," akasema. "Ukinipigia, nitapokea."

Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.